Fungu la Doto

Kulwa alikunywa mara tano. Nyanjige alihesabu, maana siku hizo macho yake hayakuwa na kazi nyingine saa nne ikifika: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha mtoto akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akalizungusha bakuli taratibu mpaka upande aliokuwa hajaugusa ukaelekea kushoto kwake, akalisogeza chini penye ukuta wa jiko. Kushoto kwake hapakuwa na mtu. Miezi mitatu nyuma, hapo ndipo alipokuwa akikaa Doto.

Uji haukuwa na kasoro. Nyanjige hakuwa mwanamke wa kupikia watoto wa watu maji meupe. Alichanganya mahindi na mtama, akatia karanga zilizopondwa, na sukari ilikuwa ya kutosha, hata walimu walikuwa na tabia ya kupitapita jikoni wakijifanya wanakagua usafi. Watoto wengine wa darasa la pili walikuwa wameshaingiza ndimi vikombeni. Kengele ilipogongwa, Kulwa alisimama, akalitazama lile bakuli lililobaki karibu limejaa, akaondoka kimyakimya kwa heshima, kama anavyoondoka mtoto mwenye adabu mbele ya mgeni anayekula.

Nyanjige aliliokota bakuli. Juu uji ulikuwa umeanza kufanya utando. Aliupeleka nyuma ya jiko akaumwaga, na kuku wa walimu wakaja mbio wakaudonoa wakaumaliza, bila ajabu yoyote, bila ishara yoyote. Labda angetishika kidogo tu kama kuku wangekataa. Kilichomtia hofu ni kwamba kila kitu kilikuwa cha kawaida, na katikati ya ukawaida huo mtoto alikuwa anaisha.

Na tusimung'unye maneno: mtoto alikuwa anaisha kwa sababu ya bakuli, na bakuli lilikuwa la Nyanjige.

Shule ile ya msingi iko kata ya Sapiwi, katikati ya mashamba ya pamba, na Nyanjige alikuwa mpishi wake kwa mwaka wa nne. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mikono, mwepesi wa ulimi. Aliwajua watoto wote kwa majina na kwa matumbo yao: nani anakunywa haraka, nani anaficha kikombe amwekee mdogo wake wa nyumbani, nani amekuja bila kutia kitu mdomoni tangu ugali wa jana. Mwanzoni mwa mwaka uliotangulia, Kulwa na Doto walipoandikishwa darasa la kwanza, bibi yao Kabula aliwaleta mwenyewe hadi jikoni. Wazazi wao walikuwa wamehamia kusini na ng'ombe, wakawaacha wasichana hao na bibi ili wasome. Kabula alikuwa na jambo moja tu la kusema.

"Hawa ni mabasa," alisema, yaani mapacha. "Usinitenganishie chombo chao."

Nyanjige hakuhitaji kuelezwa. Naye alikulia kwenye nyumba zilizoshika mambo hayo. Katika ukoo wa Kabula mapacha hawapakuliwi mbalimbali. Ukimtangulizia mmoja, au ukamzidishia mmoja hata kijiko, aliyepunjwa atanuna, na mnuno wa pacha hauishii usoni. Unamwingia mwilini, anakonda, na siku moja anaamua kurudi alikotoka. Dawa yake ni kuwawekea chombo kimoja, wale pamoja, haki ijigawe yenyewe.

Basi akatafuta bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu, akawa anachota upawa mara mbili na kuwapa wote wawili. Alijisikia vizuri kufanya hivyo. Mwalimu mkuu, Dastan, mtu wa Iringa, alipouliza kwa nini wale wawili wanakunywa chombo kimoja wakati kila mtoto ana kikombe chake, Nyanjige alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwalimu, wewe fundisha hesabu," alimwambia. "Mambo ya mapacha wa Kisukuma tuachie wenyewe."

Dastan naye akacheka, akaenda zake. Angeuliza mara ya pili! Lakini mgeni anayeheshimu mila za watu haulizi mara mbili, na Dastan alikuwa mgeni wa namna hiyo, Mungu amsamehe.

Kila siku bakuli lilirudi tupu. Hilo ndilo lililomridhisha Nyanjige. Lilirudi tupu na safi, limelambwa, na aliyelirudisha siku zote alikuwa Kulwa, mzima, mwenye mashavu. Doto alimfuata nyuma. Doto alikuwa mdogo wa umbo, na watu walikuwa na maelezo yake tayari: katoka wa pili, wa pili huwa hivyo. Walipoingia darasa la pili, mwezi wa pili nesi Joyness wa zahanati alikuja kupima watoto, Kulwa akawa kilo ishirini na moja, Doto kumi na sita. Joyness alikunja uso akasema huyu mdogo aletwe zahanati. Kabula akasema atamleta mvua zikipungua, barabara ilikuwa matope matupu. Na ulikuwa msimu mbaya wa chakula, ghala za watu zimebaki vumbi, michembe ya viazi vikavu imekwisha, kila nyumba ikingojea mahindi ya shambani yakomae.

Mwezi wa tatu ulipoanza tu, Doto alishikwa na homa. Siku nne. Zahanati, pikipiki, hospitali ya Bariadi, kisha kimya cha kurudi nacho nyumbani.

Siku ya tatu ya msiba, Joyness alikaa karibu na Nyanjige kwenye jamvi la wanawake. "Malaria ilimkuta hana damu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ilimkuta mwili hauna kitu. Kule shule alikuwa anakula?"

"Bakuli lilikuwa linarudi tupu kila siku."

"Bakuli la nani?"

"Lao."

Joyness alimtazama Nyanjige. Halafu akatazama mikono yake mwenyewe. Nyanjige alizikwa palepale pamoja na yule mtoto, ila yeye alibaki anatembea.

Tangu siku hiyo alianza kusikia mtu mdogo akinywa uji. Haikuwa usiku, wala kwenye ndoto. Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua likiwa limepanda, watoto mia na zaidi wakipiga kelele uwanjani, na katikati ya kelele hizo sikio lake lilichambua sauti moja: mdomo ukivuta uji kidogo, ukisimama, ukivuta tena kidogo, kama wa mtu anayeogopa kwamba utaisha. Akigeuka, anaona ukuta. Wakati mwingine aliona kwa pembe ya jicho kivuli cha sketi ya bluu mlangoni, akasema, "Ingia, mwanangu," na aliyeingia akawa mwalimu anatafuta kiberiti. Jumapili alikuwa anapiga magoti kanisani, maana alikuwa Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara, na humo nako, wakati padre ananyamaza, alisikia mtu akivuta uji.

Hayo angeyavumilia. Marehemu ana haki ya kumsumbua aliyemkosea. Alichoshindwa kuvumilia ni yule aliye hai.

Mwisho wa mwezi wa tano mavuno yalikuwa yameanza kuingia. Mahindi yalikuwa ndani, viazi vilikuwa vinakatwa na kuanikwa kwenye miamba, pamba imepasuka mashambani, na watoto wote wa Sapiwi walikuwa wananenepa mbele ya macho ya watu. Kulwa peke yake alikuwa anarudi nyuma. Joyness akaja tena na mzani wake. Nyanjige alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama dirishani pa darasa la pili kama mwizi. Kulwa alipanda mzani. Joyness akasoma, akamshusha, akampandisha tena. Halafu akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa chache, akakaa akitazama.

"Kilo ngapi?" aliuliza Mwalimu Dastan.

"Kumi na sita," alisema Joyness. "Kilo kumi na sita kamili. Kama mwenzake."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti, masikini, mbele ya mtoto. Nyanjige alimwona Kulwa akiinua uso. Haukuwa uso wa huzuni. Ulikuwa uso wa mwanafunzi aliyeambiwa amepata jibu.

Joyness alimfunua kope, ndani palikuwa peupe. Akampa paketi za chakula cha dawa, kile cha karanga, akamwambia Nyanjige pembeni, "Mama, nakueleza ukweli. Hana ugonjwa. Nimempima kila kitu. Huyu mtoto hali. Nikija Jumatatu nikimkuta hivi nampeleka Bariadi alazwe, na hata huko hawawezi kumlazimisha kumeza. Homa moja tu ikimkuta, basi."

Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nyanjige alikuwa na siku chache, na aliapa moyoni kwamba mtoto wa pili hatapita mikononi mwake.

Jumatano alimwongezea uji mara mbili. Kulwa alikunywa mara tano, akasogeza bakuli. Alimpa paketi ya nesi, ameikata mwenyewe. Kulwa alilamba mara tano, akaiegemeza ukutani kushoto kwake. Siku iliyofuata alimchemshia yai, akampa kwa siri nyuma ya jiko. Mtoto alimega kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, akala, lililobaki akaliweka chini juu ya jani safi. Akamwekea uji kwenye kikombe cha plastiki badala ya bakuli. Hapo Kulwa hakugusa kabisa. Alikaa ameshika magoti, anatetemeka, mpaka Nyanjige akarudisha bakuli la maua mekundu.

Jioni ya Alhamisi, jua likiwa bado juu, alikwenda kwa Kabula. Alimkuta uani, kizee kilichokauka, anasonga ugali wa mtama.

"Mwadila, mayu," alisalimia Nyanjige, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, yaani salama tu, ingawa wote wawili walijua kwamba salama haikuwepo.

Kabula aliepua ugali, akapakua na mboga ya majani ya kunde kwenye sinia moja, akamwita mjukuu. Kulwa alinawa, akakaa. Alimega matonge matatu madogo, akachovya, akala. Halafu akalizungusha sinia. Bibi alimtazama Nyanjige kwa macho ya mtu aliyekwisha lia yote.

"Unaona? Anaitwa huyu," alisema, Kulwa alipokwisha kwenda kuteka maji. "Walikuja wawili, mwenzake anamtaka. Nimemwaga unga langoni. Nimewaita wakubwa wake waliotangulia kwa majina yote ninayoyajua. Nimemwambia Doto mwenyewe, mwanangu, muache mwenzako nikae naye. Hasikii."

"Na hiki chakula anachokiacha?"

"Ni cha aliyekwenda. Hakiliwi."

"Nani hakili?"

"Sisi wa nyumbani tukila haisaidii kitu. Kinazunguka humu humu. Na mtu wa nje," Kabula alipunguza sauti, "mtu wa nje akikila kwa kujua, akamwita, aliyekwenda anahama naye. Anakwenda kula kwake. Sasa niambie, mayu, nani mwenye akili atakaribisha mgeni wa namna hiyo kwenye mwili wake? Maana haondoki huyo. Mpaka mwenye nyumba naye aondoke."

Nyanjige aliaga. Njiani alijiambia kwamba yeye ni mtu wa rozari na hayo ni maneno ya wazee. Alijiambia hivyo mara nyingi, na miguu yake ikaongeza mwendo.

Ijumaa asubuhi, kwenye mstari, wimbo wa taifa ukiwa katikati, Kulwa alianguka. Hakupiga kelele. Alikunjika tu mahali aliposimama, na wenzake wakaachana wakamwacha katikati. Mwalimu Dastan alimbeba mwenyewe. Baadaye alisema alidhani amebeba sweta tupu. Alimpeleka jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto, akampigia Joyness simu, Joyness akasema anatafuta pikipiki, aje amchukue sasa hivi, kungojea Jumatatu kumekwisha. Dastan alitoka kwenda kumngojea barabarani. Wanafunzi waliingia madarasani. Jikoni wakabaki wawili, na sufuria ya uji ikichemka.

Kulwa alifumbua macho. Nyanjige alichota uji, akaupoza kwa kuumimina huku na huku, akamkalisha ukutani, akamshikisha bakuli.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mtoto akaanza kulizungusha.

"Kwa nini tano?" Nyanjige aliuliza. Alishangaa kwamba hakuwahi kuuliza. Miezi mitatu ya kuhesabu, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza mtoto mwenyewe.

Kulwa alimaliza kulizungusha bakuli, akalisukuma kushoto.

"Ndizo zake," alisema.

"Za nani?"

"Za Doto." Midomo ilianza kumcheza. "Mimi nilikuwa natangulia, mayu. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nakunywa, nakunywa, nasema sasa nitamwachia, halafu naona bado nina njaa. Nikimpa bakuli, yeye anakunywa mara tano linaisha. Halafu analamba. Nyumbani anapata matonge matatu."

"Hakusema kitu? Hakulia?"

"Alisema mimi ndiye mkubwa."

Nyanjige alishika ukuta. Kulwa aliendelea, kwa sauti ile ile ya kawaida ambayo watoto hutumia kueleza mchezo. "Sasa mimi nachukua tano, yeye anachukua nyingi. Mpaka tulingane. Nesi amesema tumelingana kilo. Lakini bado. Yeye yuko kule, na mimi niko hapa."

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamwita. Nyanjige aliliona jambo zima kwa mara moja, na lilikuwa baya kuliko masamva wote, mizimu ya ukoo wa Kabula. Doto hakuwa anamtaka mtu. Mtoto wa miaka minane alikuwa anajihukumu mwenyewe saa nne na saa saba na jioni, mbele ya watu wazima, wakiwa wanahesabu na kumwaga unga langoni. Alisikia huruma mpaka ikawa maumivu ya kifua, na nyuma ya huruma alisikia hasira juu yake mwenyewe, ya mwanamke aliyecheka akashika kiuno.

Alipiga magoti kwenye majivu, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Nisikilize, Kulwa. Si wewe. Mtoto mwenye njaa akipewa chakula anakula, ndivyo Mungu alivyomuumba. Mwenye upawa alikuwa nani?"

"Wewe, mayu."

"Aliyewapa bakuli moja?"

"Wewe."

"Mwalimu aliniuliza, nikamcheka. Nilikuwa naliona bakuli tupu, sikumtazama Doto. Kila siku alipita hapo mbele yangu na sikumtazama. Basi aliyempunja ni mimi. Deni hilo si lako, hulijui, huliwezi."

Kulwa alitikisa kichwa. Watoto hawadanganyiki kirahisi. Maneno aliyasikia, lakini mkono wake ulikuwa bado umelisukuma bakuli kushoto, kwenye ile nafasi tupu, na macho yake yalikuwa hapo. Nyanjige aliona kwamba maneno hayatoshi, hata yangekuwa ya kweli kiasi gani. Huko nje, mbali, pikipiki ilisikika ikipanda kilima.

Alinyoosha mkono, akalichukua bakuli.

"Usile!" Kulwa alipiga kelele, kelele ya kwanza kutoka kwake tangu mazishi. "Mayu, ni la Doto!"

"Najua ni la nani."

Akajigeuza kushoto, akaitazama ile nafasi penye ukuta ambayo kwa miezi mitatu alikuwa anaitazama kwa pembe ya jicho. Hakufanya ishara ya msalaba. Aliogopa, na ni haki kusema kwamba aliogopa sana, maana mtu anaweza kutoamini jambo na bado akaliogopa.

"Doto," alisema. "Doto mwanangu, inuka hapo. Muache dada yako, hana lako. Njoo kwangu mimi niliyekupunja. Njoo tule."

Akanywa. Hakusimama kuvuta pumzi. Alikunywa mpaka akaona maua mekundu ya chini ya bakuli, akapitisha kidole, akalamba. Kulwa alikuwa amejibana ukutani, ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yametoka. Jikoni palikuwa kimya. Ile sauti ya kuvuta uji, aliyoizoea kuliko sauti yake mwenyewe, haikuwepo tena mahali popote.

Mtoto alishusha mikono polepole. Alitazama kushoto kwake. Alipapasa sakafu pale, kama anayetafuta kama pana joto. Halafu akamtazama Nyanjige, siyo usoni, bali tumboni, na akauliza kwa sauti ndogo:

"Ameshiba?"

Nyanjige alikuwa amekula michembe na maziwa nyumbani kabla ya kuja. Juu yake alikuwa amemaliza bakuli zima la uji wa karanga. Alifungua mdomo kujibu, na hapo njaa ikamshika. Haikuwa njaa ya mtu mzima, ile anayoijua ya mchana wa shamba. Ilikuwa njaa ndogo, ya tumbo dogo, isiyolalamika, iliyokaa chini kabisa kwa utulivu kama kitu kilichozoea kungojea. Alijua papo hapo kwamba hakuna uji utakaoifikia.

"Ameshiba, mwanangu," alisema. "Ameshiba sana. Sasa hili ni lako peke yako."

Alichota upya, akampa. Kulwa alilishika bakuli kwa mikono miwili. Alikunywa mara tano, akasimama, akasikiliza. Nje pikipiki ilizimwa, na sauti ya Joyness ikasikika ikiuliza yuko wapi. Kulwa aliinamisha kichwa, akanywa mara ya sita, na ya saba, na baada ya hapo hakuwa tena mtoto wa kuhesabika. Alikuwa anakunywa huku analia, uji ukimtiririka kidevuni, akivuta pumzi kwa puani ili asilazimike kulishusha bakuli.

Joyness alisimama mlangoni, hakuingia. Nyanjige hakumwangalia. Alikuwa bado kwenye majivu, mate yamemjaa mdomoni, anatazama uji ukipungua kwenye bakuli la mtoto, na mikono yake ameificha ndani ya kanga ili isinyooke.